Umepewa TLD na hujaambiwa kwa nini? Uzi wa dawa za VVU, karibuni tuelewane

Mkongwe wa Keko (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Humu haipiti wiki bila mtu kuuliza: nimepima, nimekutwa nayo, nimepewa kidonge kimoja tu kwa siku, je, ndiyo dawa nzuri au nimepewa ya makabwela? Majibu anayopata nusu ni kejeli, nusu ni namba za simu za wauza unga wa mizizi. Nimeona nifungue uzi mmoja wa kueleweka.

Mimi ni fundi seremala, si mtu wa hospitali. Nipo kwenye dawa tangu enzi za Triomune, na benchi la CTC, yaani kliniki ya wenye VVU, nimelikalia mpaka wanafunzi wa uuguzi waliokuja kujifunza pale leo ndio wanaosimamia kliniki. Ninachoandika ni nilichokimeza mwenyewe na nilichoelezwa na madaktari. Wataalamu mliomo, mtasahihisha.

Kwa wale wasiosoma mpaka mwisho, hoja yangu naiweka hapa juu. Dawa ya kuanzia kwa mtu mzima hapa nchini ni moja kwa karibu kila mtu, hiyo TLD, inatolewa bure, na ni ileile Masaki na Mbagala. Hapo hakuna cha kuchagua sana. Kilicho mikononi mwako ni majibu ya kipimo cha wingi wa virusi. Hayo ndiyo yanayoamua ubaki na dawa yako, uhojiwe kuhusu umezaji, au upandishwe daraja. Watu wengi wanaikumbuka tarehe ya kurudi kliniki kuliko siku ya kuzaliwa mtoto, lakini ukiwauliza virusi vyao vilisomaje mara ya mwisho wanakutolea macho.

Tulikotoka kwanza. Serikali ilianza kugawa ARV bure mwaka 2004. Enzi hizo ulikuwa huanzishiwi mpaka CD4, yaani hesabu ya chembe za kinga, ishuke chini ya 200 au ulale kitandani kabisa. Triomune ilikuwa stavudini, lamivudini na nevirapini, asubuhi na jioni. Ilitutoa kaburini, sikatai. Ila stavudini ilikula mafuta ya mashavu na kuziacha nyayo zikiwaka moto usiku kucha. Mtaani watu walikuwa wanamnyooshea mtu kidole kwa mashavu tu, hawana haja ya cheti. Mwaka 2009 WHO ikashauri nchi ziachane nayo. Ikafuata zamu ya zidovudini, ambayo baadhi yetu ilitupunguzia damu, kisha kidonge kimoja cha usiku chenye tenofoviri, lamivudini na efavirenzi. Waliomeza efavirenzi hawahitaji maelezo: ndoto za kukimbizwa, na ukiamka kwenda msalani ukuta unakusogelea. 2016 tukaingia kwenye pima na tibu, ukikutwa na VVU unaanza dawa bila kungoja CD4 ishuke. 2019 ndipo TLD ikachukua nafasi.

TLD ni dawa tatu ndani ya kidonge kimoja: tenofoviri miligramu 300, lamivudini 300 na dolutegraviri 50. Mbili za kwanza zinamzuia kirusi asinakili vinasaba vyake akishaingia kwenye chembe ya damu. Ya tatu inamzuia asijipachike kwenye vinasaba vya chembe hiyo. Kwa nini tatu? Kirusi huyu anajinakili ovyo, na kila nakala inaweza kuwa na badiliko. Dawa moja peke yake ataikwepa ndani ya muda mfupi. Tatu zinazompiga kwa pamoja, kwenye hatua zaidi ya moja, hazimpi nafasi hiyo.

Dolutegraviri imependwa kwa sababu inashusha virusi haraka, haisumbui akili kama efavirenzi, na kirusi hupata shida sana kuizoea. Haiponyi lakini. Kuna virusi vimejificha kwenye chembe zilizolala, huko dawa haivifikii. Ukiacha, vinaamka, na mara nyingi ni suala la wiki chache tu. Ndiyo maana ni ya maisha.

Sasa kipimo. Baada ya miezi 6 ya dawa unatolewa damu kupima wingi wa virusi, kisha kipimo hurudiwa, na ukiwa vizuri huwa mara moja kwa mwaka. Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto hupimwa mara nyingi zaidi. Majibu husomwa kwa nakala katika mililita moja ya damu. Chini ya 50, au ikiandikwa TND, mashine haikukuta kitu cha kuhesabu au imekuta kidogo sana. Ikizidi 1,000 usikimbilie kusema dawa imegoma. Utaitwa kwa mshauri, mtahesabiana vidonge, mtajua tatizo ni nini, na baada ya miezi kama 3 ya kumeza vizuri unapimwa tena. Ikibaki juu ndipo linakuja suala la daraja la pili.

Daraja la pili mara nyingi ni atazanaviri au lopinaviri, ikisukumwa na ritonaviri kidogo, pamoja na dawa nyingine mbili. Atazanaviri huweza kuyafanya macho yawe ya njano. Watu wanadhani ini limekufa, kumbe mara nyingi ni rangi ya nyongo imepanda tu bila ini kuumia. Hata hivyo toa taarifa, usijipime kwa kioo. Lopinaviri wengi inawaharisha. Juu ya hapo kuna daraja la tatu, darunaviri na wenzake, hilo linapitia kipimo cha usugu na jopo la wataalamu.

Ulizeni. Nikichelewa kujibu nipo kwenye randa.

Sauti ya Ukonga

Nimeweka mkeka hapa. Endelea mkuu.

Binti Tandale

Shikamoo mzee. Asante kwa uzi, nimeusoma ndani ya mwendokasi nikiwa nimefunika simu kwa mtandio.

Nimeanza dawa juzi juzi, hata kopo la kwanza halijaisha. Silali. Kabisa. Kichwa kinaniuma na kichefuchefu asubuhi. Rafiki yangu anasema mwili umezikataa, niombe "nyingine". Hizo nyingine zipo?

Mfamasia wa Zamu

Binti, pole. Nafanya kazi dirisha la dawa, naomba nimsaidie mzee hapa. Siandikii mtu dawa humu, naeleza tu.

Kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi wiki za mwanzo ni kawaida ya TLD, kwa wengi hupungua vyenyewe. Kama unameza usiku, mwambie mhudumu wako uhamie asubuhi. Dolutegraviri ndiyo inayofukuza usingizi kwa baadhi ya watu, na kubadilisha saa ya kumeza mara nyingi kunatosha. Unaweza kumeza na chakula au bila chakula.

Kuna dalili ambazo hazisubiri tarehe ya kliniki: upele unaoambatana na homa au vidonda mdomoni, macho ya njano, kutapika kusikokoma, au kuanza kukohoa na kutoka jasho usiku baada ya kuanza dawa. Hiyo ya mwisho watu hudhani ni dawa, kumbe kinga imeamka na kuanza kupigana na TB iliyokuwa imejificha. Rudi siku hiyohiyo.

"Nyingine" zipo, ila hubadilishwa kwa sababu. Mwenye figo zilizochoka anaweza kuondolewa tenofoviri na kupewa abakaviri. Usiache kimyakimya ukisubiri hiyo nyingine.

Mkongwe wa Keko

Marahaba mwanangu. Sikiliza huyo mfamasia. Na huyo rafiki ashukuriwe kwa kukujali, lakini ushauri wake uishie kwenye nguo.

Mkwezi

Mnawadanganya watu. Hizo ARV zinaua figo na ini, ndugu yangu alikufa nazo. Mimi namjua mtu anatumia mlonge na mchanganyiko fulani wa Kariakoo, CD4 zimepanda mpaka 700. Wazungu hawataki tupone maana biashara itakufa.

Mkongwe wa Keko

Mkwezi, pole kwa msiba. Nitakujibu bila matusi.

Tenofoviri kweli inaweza kugusa figo kwa baadhi ya watu, hasa wenye kisukari, presha au umri mkubwa. Ndiyo maana kreatinini, kipimo cha damu cha kuangalia figo, hupimwa. Mbona hata panadol zikizidi zinaua ini? Hoja ni kupima na kufuatilia.

Mlonge ni mboga, ule na ugali. Hakuna aliyekukataza. Tatizo linaanza pale unapowekwa mahali pa dawa. Mwaka 2011 nchi nzima ilipanda magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji Ambilikile Masapila kwa shilingi 500. Foleni ya magari ilikuwa ya kilomita na kilomita. Kuna watu niliokuwa nakaa nao benchi moja waliorudi wakaweka dawa chini kwa furaha. Sitaandika habari zao humu, wana watoto wanaosoma majukwaa. Waliokunywa kikombe na kuendelea na vidonge vyao, wengi tunao mpaka leo.

Na hiyo CD4 700: CD4 inakueleza kinga ilivyo leo. Haikwambii virusi vinafanya nini. Mtu mwenye kinga nzuri anaweza kukaa miaka na virusi vikijizalia tu. Mwambie huyo jamaa apime wingi wa virusi, alete jibu hapa.

Mwanatakwimu Mstaafu

Kuongezea kwa Mkwezi. Utafiti wa kitaifa wa VVU uitwao THIS, wa 2022–2023, uliwapima watu damu, haukuishia kwenye kuwauliza. Katika watu wazima wanaoishi na VVU, karibu 83 kati ya 100 walijua hali zao. Katika waliojua, karibu 98 kati ya 100 walikuwa kwenye dawa. Na katika waliokuwa kwenye dawa, 94 kati ya 100 virusi vilikuwa vimefubaa, yaani vimeshuka sana kwenye damu. Ukitaka kujua dawa zinafanya kazi au hazifanyi, ni hiyo 94. Ukitaka kujua tatizo letu liko wapi, ni hao 17 ambao hawajui.

Mkwezi

Takwimu ni takwimu. Haya, nasoma.

Kijana wa Tabata

Mkuu, mimi naomba tuongelee SINDANO. Nimeona mitandaoni kuna sindano ya kuchoma mara mbili kwa mwaka inayomaliza ukimwi. Kwa nini tunaendelea kumeza vidonge kila siku? Hela tunazo, tuambiwe bei.

Mkongwe wa Keko

Hapa ndipo watu wanapotapeliwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kuna sindano za aina mbili na zimechanganywa mitandaoni kama pilau. Ya kwanza ni ya kinga, kwa mtu ambaye HANA VVU. Hiyo ya mara mbili kwa mwaka inaitwa lenakapaviri, inachomwa chini ya ngozi ya tumbo kila baada ya miezi 6. Utafiti wa PURPOSE 1 uliofanyika Afrika Kusini na Uganda uliwafuatilia wasichana na wanawake vijana. Kati ya 2,134 waliochomwa, hakuna hata mmoja aliyepata maambukizi. Matokeo yalitangazwa 2024, na Julai 2025 WHO ikaipendekeza kwa ajili ya kinga. Habari kubwa sana, lakini ni habari ya kuzuia. Mwenye VVU tayari ukimchoma hiyo peke yake, hujamtibu, umemfundisha kirusi wake kuizoea. Lenakapaviri hutumika pia kwenye tiba, ila ni kwa watu ambao virusi vyao vimeshakuwa sugu kwa dawa nyingi, na lazima iambatane na dawa nyingine.

Aina ya pili ni ya tiba kweli: kabotegraviri na rilpivirini, sindano mbili za makalio kila baada ya miezi miwili. Marekani waliiidhinisha Januari 2021. Afrika imejaribiwa kwenye utafiti wa CARES nchini Uganda, Kenya na Afrika Kusini, watu 512, na ilifanya kazi sawa na vidonge. Julai 2025 WHO ikasema inaweza kuwa mbadala kwa mtu ambaye virusi vyake vimeshafubaa na hana homa ya ini aina ya B. Soma tena hapo: ambaye virusi vimeshafubaa. Yaani hata huko kwenye sindano, mlango ni kipimo kilekile ninachokipigia kelele tangu juu.

Kwenye CTC zetu dawa ya kawaida ni kidonge. Mtu akikuuzia sindano ya kumaliza ukimwi Kariakoo au kwenye gesti Sinza, muulize ni ipi kati ya hizo na amekupima nini kabla ya kukuchoma.

Mfamasia wa Zamu

Niongeze mambo mawili kwa Tabata. Rilpivirini ya sindano inatunzwa kwenye friji, nyuzi 2 mpaka 8. Kwa joto la Dar na umeme unaokatika, hilo ni jambo la kufikiria kabla ya kulalamika kwamba tumecheleweshwa. La pili, dawa ya sindano inabaki mwilini kwa miezi ikiisha polepole. Ukikosa tarehe, unabaki na dawa kidogo isiyotosha kumzuia kirusi lakini inayotosha kumfundisha usugu. Kidonge ukikisahau leo, kesho unarekebisha.

Na kwa kuwa tumegusa homa ya ini B: tenofoviri na lamivudini zilizo kwenye TLD zinaitibu pia. Mwenye vyote viwili akiacha TLD ghafla, ini linaweza kulipuka. Ndiyo maana nawasihi mpime homa ya ini B na mjue jibu lake.

Kijana wa Tabata

Nimeelewa. Na wale waliopona kabisa, Berlin na London?

Mkongwe wa Keko

Timothy Ray Brown wa Berlin na Adam Castillejo wa London. Walikuwa na saratani za damu, wakabadilishiwa uboho kutoka kwa watu ambao kwa kuzaliwa chembe zao hazina mlango anaoutumia kirusi. Upandikizaji wenyewe unaweza kukuua. Hakuna daktari atakayemfanyia hivyo mtu mwenye VVU tu na afya yake nzuri. Tuendelee.

Mama Wawili

Habari za humu. Mimi nina mimba ya miezi mitano, nipo TLD mwaka wa tatu. Wifi yangu (anajua) kasema dolutegraviri inalemaza watoto, eti waliitangaza redioni. Nimeingiwa na hofu.

Na pili, dawa za damu ninazopewa kliniki ya wajawazito, naweza kumeza pamoja?

Mfamasia wa Zamu

Mama, wifi hakutunga. Mwaka 2018 utafiti wa Botswana ulitoa ishara ya hatari ya matatizo ya uti wa mgongo kwa watoto ambao mama zao walikuwa wanameza dolutegraviri wakati mimba inatungwa. Nchi nyingi zikasita kuwapa wanawake. Utafiti uleule ulipoendelea na wajawazito wakawa wengi zaidi, ishara ikafifia. Julai 2019 WHO ikaipendekeza kwa wote, wanawake wenye umri wa kuzaa wakiwemo. Wewe tena umeshavuka miezi ya mwanzo. Usiache hata siku moja.

Swali la pili ni zuri na halisemwi vya kutosha dirishani. Vidonge vya damu, yaani madini ya chuma, vya kalsiamu, na dawa za kiungulia zenye aluminiamu au magnesiamu, hushikana na dolutegraviri tumboni na kuizuia isiingie mwilini. Meza TLD saa 2 kabla ya hivyo, au saa 6 baada yake. Chuma na kalsiamu unaweza kumeza pamoja na TLD endapo utakula chakula wakati huohuo. Dawa ya kiungulia usichanganye hata kwa chakula.

Na wenye kisukari: dolutegraviri hupandisha kiwango cha metformini, ile dawa ya sukari, mwilini, kwa kawaida isizidi miligramu 1,000 kwa siku. Mwambie daktari wa kisukari kwamba upo kwenye dawa. Najua ni vigumu. Mwambie.

Anayetibiwa TB kwa rifampisini naye huongezewa kidonge cha dolutegraviri, asubuhi TLD, jioni dolutegraviri peke yake, kwa sababu rifampisini inaichoma haraka. Usishangae kupewa kopo la pili.

Mama Wawili

Mungu akubariki. Hakuna aliyewahi kuniambia hayo ya vidonge vya damu, na nilikuwa navimeza pamoja asubuhi na chai kavu. Mtoto je, atanyonya?

Mkongwe wa Keko

Atanyonya, tena maziwa yako peke yake miezi 6 ya mwanzo. Akizaliwa atapewa dawa ya kinga ya maji, na atapimwa akiwa na wiki 4 mpaka 6, halafu tena baadaye mpaka aache ziwa. Omba wakupime wingi wa virusi sasa hivi, usisubiri mwaka utimie. Mama ambaye virusi havionekani hatari kwa mtoto inakuwa ndogo sana, ingawa kwenye kunyonyesha hawasemi sifuri.

Mlezi wa Vingunguti

Nami kwa watoto nitoe neno. Namlea mjukuu. Zamani lopinaviri ya maji ilikuwa chungu, unamshika mtoto wawili, nusu inamwagika kwenye kanga. Siku hizi anapewa vidonge vidogo vya dolutegraviri miligramu 10 vinavyoyeyuka kwenye maji, vina utamu wa matunda. Anavidai mwenyewe. Kwa walezi, hilo limetubadilishia maisha kuliko hotuba zote za Desemba mosi.

Fundi Simu Manzese

Swali la aibu kidogo. Nina mchumba, yeye hana, anajua mimi ninayo. Jibu langu la mwisho ni TND. Tunataka kufunga ndoa na kuzaa. Kondomu mpaka lini?

Mkongwe wa Keko

Hakuna aibu, na hongera kwa kumwambia. Utafiti wa PARTNER wa Ulaya uliotoka 2016 uliwafuatilia wapenzi ambao mmoja ana VVU na virusi vimefubaa, mwingine hana. Matendo ya ndoa bila kondomu yalifika kama 58,000, na maambukizi kutoka kwa mwenza huyo yalikuwa sifuri. Awamu ya pili, 2019, ikarudia sifuri. WHO nayo inasema asiyeonekana virusi hamwambukizi mwenza kwa kujamiiana.

Masharti: uwe unameza bila kuruka, na jibu lako liwe la karibuni. Jibu la mwaka juzi haliwezi kuoa mwaka huu. Nendeni wote wawili kliniki, na yeye akitaka kuongeza utulivu wa moyo kuna PrEP, dawa ya kinga kwa asiye na VVU, bure pia. Kondomu bado inazuia kaswende na kisonono, hizo dawa yako haizigusi.

Binti Tandale

Mzee, nilikuwa nasoma tu, nimelia hapo kwa Fundi Simu. Nilidhani mambo ya ndoa ndiyo basi tena.

Nina swali dogo. Naishi chumba kimoja na dada zangu. Kopo linalia kama kayamba nikifungua mkoba. Mnafanyaje?

Sauti ya Ukonga

Pamba, mdogo wangu. Jaza pamba juu. Toa ile lebo ya nje.

Mfamasia wa Zamu

Pamba sawa, ila iwe safi na kavu. Usivimwage vidonge vyote kwenye mfuko wa nailoni ukaviweka juu ya kabati la bati, unyevu na joto la Dar vinaviharibu. Kopo libaki limefungwa, na kile kikaratasi cha kukausha unyevu kibaki ndani. Tena ukishatulia, virusi vikafubaa, unaweza kupewa dawa za miezi 3 au 6 kwa mkupuo, safari za kliniki zinapungua.

Bodaboda wa Kimara

Mimi shida ni kusahau. Jana nimekumbuka saa tano usiku, kawaida yangu saa moja asubuhi. Nikameza viwili leo kufidia. Sawa?

Mfamasia wa Zamu

Hapana kaka, usimeze viwili kwa pamoja. Ukikumbuka siku hiyohiyo, meza palepale, hata kama ni usiku. Ukikaribia sana saa ya dozi inayofuata, acha iliyopita, meza inayofuata kwa wakati wake. Kidonge cha ziada mara moja hakitakudhuru, lakini usifanye ndiyo utaratibu. Weka kengele ya simu, iite jina lolote: "mafuta ya pikipiki". Hakuna atakayehoji.

Msafiri wa Tunduma

Wakuu, mimi dereva wa lori. Nimekwama mpakani, dawa zangu zimebaki nyumbani Mbezi na nimeshamaliza nilizobeba. Zamani niliwahi kufika kliniki moja mkoani nikafokewa eti nirudi nilikosajiliwa. Nifanyeje?

Mkongwe wa Keko

Pole kaka. Aliyekufokea alikosea. Ingia CTC yoyote ya hapo karibu asubuhi, onyesha kadi yako au hata picha yake kwenye simu, sema upo safarini. Wana utaratibu wa wateja wa safari, watakupa za kukuvusha bila kukuhamisha. Ukikutana na mkaidi, muombe mganga mfawidhi, ongea taratibu, usiondoke dirishani.

Kama huna kadi wala picha, piga CTC yako ya Dar wakupe namba yako ya kliniki na jina kamili la dawa unayotumia. Halafu ukirudi Mbezi piga picha kadi, uitume kwa mtu unayemwamini, na za akiba ziweke kwenye mkoba wa shingoni. Kwenye kabati la lori zinaiva na jua.

Msafiri wa Tunduma

Nimepewa za siku 30. Walinikaribisha vizuri tu. Wameniuliza jibu langu la mwisho la virusi, nikakosa la kusema. Nimepiga Dar, wananitafutia kwenye faili.